Mama Kanji Aenda Kambi

Wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali ndio waliomponza. Siku ya kumuaga walimkabidhi hema jipya la kijani na karatasi ya siku nne zilizokwisha kulipiwa katika kambi ya umma kando ya ziwa. "Umeanika shuka za watu miaka thelathini na mmoja," wakamwambia, "sasa na wewe kajianike!" Waliokuwa wakimwita Mama Kanji walikuwa hao hao. Kanji ndiyo inayosimamisha kola ya shati, na yule mama, jamani, hakuwa mtu wa kukunjwakunjwa.

Aliyecheka sana ni mwanawe wa pekee. Huyu anafanya kazi kampuni ya bima, na watu wa bima wakiona ngazi tayari wameona mguu uliovunjika. Alikuwa ameshaamua kwamba mama akistaafu ahamie kwake. Chumba kimepakwa rangi, pazia limetundikwa, na mkewe ameonywa asimwache mama ashike hata kijiko. "Utakaa tu, mama. Wewe kazi yako kukaa." Kukaa tu! Mama Kanji aliyasikia maneno hayo kama mtu anayesomewa hukumu. Alikuwa na vyumba vyake viwili vya kupanga, mlango wake na ufunguo wake, na humo ndimo alimotaka kuzeekea.

Walibishana wiki nzima, mwisho wakawekeana sharti. "Nenda hiyo kambi peke yako," mwana akasema. "Ukimaliza siku nne bila kunipigia nije kukuchukua, habari ya kuhama sitaitaja tena. Ukipiga, Jumatatu unahamia."

"Lete mkono," mama akasema, na wakashikana mikono palepale jikoni.

Sasa, kama hujawahi kukaa kambi ya umma shule zikiwa zimefungwa, ngoja nikueleze. Mahema yamebanana kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia "afya" bila kuinua sauti. Redio tatu zinaimba nyimbo tatu. Kila hatua kuna kamba ya kukutega, na watu wazima wenye vyeo vyao wanapanga foleni ya bafu na mswaki mdomoni. Huko humjui mtu kwa jina, unamjua kwa taulo lake. Mama Kanji alipewa kiwanja namba arobaini na saba, ubavuni mwa mabafu, mahali ambapo kambi nzima ilipita ikienda na ikapita tena ikirudi.

Jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kunywa maji, ni kulifua hema. Ndiyo, kulifua! Kazini kwake kitu kipya hakitumiki kabla ya kupita kwenye maji, iwe shuka, iwe gauni la mgonjwa, na hema lile lilikuwa linanuka harufu ya dukani. Akachota maji ya moto bafuni, akamwaga sabuni ya unga, akalisugua kwa brashi mpaka likawa laini kama leso. Jirani yake, mwalimu wa udereva mwenye mwili wa kutosha watu wawili, alisimama akitazama na sufuria mkononi. Alitaka kusema kitu, akaona uso wa mama, akarudi zake na sufuria yake.

Basi Ijumaa saa tano asubuhi mvua ikashuka. Si manyunyu, mvua! Hema likavuja kama chujio, kila mahali kwa pamoja, godoro likanywa maji, blanketi likanywa, na mama mwenyewe akawa chapachapa. Hapo ndipo alipoelewa alichokisugua jana. Ile harufu ya dukani ndiyo ilikuwa kinga ya maji, naye ameiosha kwa mikono yake.

Asijilaumu sana, maana hata wenye mahema mazuri hawakupona. Mfereji wa mabafu ulifurika, ukapita chini ya mahema yote ya upande ule. Mvua ilipokata, watu walitoka na magodoro vichwani, watoto wanalia, wanaume wanawalaumu wake zao kwa wazo la kuja. Magari yakaanza kupakiwa. Mwangalizi wa kambi, mzee mwembamba mwenye mabuti ya mpira, alizunguka akiomba radhi mpaka sauti ikamkauka.

Mama Kanji aliketi juu ya ndoo aliyoipindua, simu mkononi, namba ya mwanawe ikiwa wazi kwenye kioo. Kulala kwenye blanketi bichi siku mbili zaidi, kwa umri wake, ni kutafuta kichomi. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, tena maji ya kweli. Kidole kikakaribia kile kitufe, na akaliona lile pazia la kule kwa mwanawe, na yeye nyuma yake amekaa tu.

Ndipo akamwona mke wa mwalimu wa udereva akitupia blanketi juu ya kichaka, likiwa limejikunja, halijakamuliwa, linachuruzika.

"Wee! Wee, dada!" Mama Kanji aliruka kutoka kwenye ndoo. "Ndiyo kuanika gani huko? Hilo litakauka mwakani!"

"Sasa nifanyeje, mama? Tunaondoka zetu."

"Hamwendi popote. Shika ncha hiyo. Mwite na mumeo."

Jikaze kisabuni, wanasema, na mama alijikaza. Akawaonyesha: mtu huku, mtu kule, magoti yakunjwe, mmoja asokote kulia na mwenzake kushoto. "Usivute, sokota! Mwalimu, mikono miwili kwenye usukani!" Watu wakacheka, mwalimu naye akacheka huku jasho linamtoka, na maji yakatoka ndani ya blanketi lile ndoo nzima. Waliokuwa wanapakia magari wakasogea kutazama, na Mama Kanji hajawahi kumwacha mtu asimame bure.

Kamba za mahema zilifunguliwa zikafungwa mti kwa mti, kukingama upepo. Matawi yenye panda yakaziinua katikati. Mtu mwingine husafiri na picha za wajukuu, yeye alikuwa amesafiri na vibanio sitini, na kila kibanio akakiandika namba ya kiwanja, kama alivyoandika namba za wodi, ili mtu asilale na blanketi la jirani. Mito ikapigwa kama ngoma. Magodoro yakasimamishwa wima, na kila nusu saa sauti yake ilisikika kambi nzima: "Geuza!" Wakageuza wote, hata bwana mmoja aliyesema ni hakimu. Jua nalo, kama lililoitwa, likatoka saa saba.

Saa nane gari la mwanawe likaingia. Alikuwa amesikia habari za mvua, akaendesha mwendo usiofaa kwa mtu wa bima. Alikimbia mpaka namba arobaini na saba, akakuta hema limelala chini, godoro hakuna, mama hakuna. Halafu akamsikia.

"Geuza!"

Alimkuta kati ya mistari ya shuka, sketi imebanwa kiunoni, watu hamsini wakimsikiliza.

"Mama! Uko salama?"

"Nimekupigia simu?"

"Hapana, lakini..."

"Basi umefuata nini? Haya, usinizibie jua. Shika hapa." Akampa ncha ya blanketi zito kuliko yote, lake mwenyewe. Walisokota. Mwana alivuta, akateleza, akashika tena, mikono ikamwaka moto. Mama upande wa pili wala hakupumua kwa nguvu. Mara ya tatu mwana aliliachia, akapiga magoti kwenye matope akihema, na kambi nzima ikapiga makofi, si kwa ajili yake.

Hakuna gari hata moja lililoondoka. Saa kumi na moja kila kitu kilikuwa kikavu. Mwangalizi alileta turubai, yeye na mwalimu wakalifunika lile hema lililofuliwa, na mke wa mwalimu akamkumbatia Mama Kanji huku analia na kucheka. Mama alijisikia mrefu. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi hii chini ya ardhi, kwenye mvuke, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kumwona.

Jua lilikuwa bado juu mwana alipoaga. Akaenda kuegemea gari, akampigia mkewe.

"Yuko mzima," alisema. "Ni mzima kuliko mimi. Sikiliza, kile chumba, watoto wahamie wakitaka." Mkewe akauliza jambo. "Hapana. Haji kukaa. Mama ana kwake."