Sheria ya Posho Niliyoilinda Kuliko Mchumba Wangu

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Nilipoanza kazi ya kupanga mishahara niliandika sheria moja nikiwa peke yangu chumbani, nikaiona imekamilika, nikailinda kuliko mtu niliyetaka kumuoa.

Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate hapa Bunda. Zamani bosi alikuwaga analipa anavyojisikia. Anayesali naye anapata zaidi. Mimi sikusomea mambo haya, nilijifunza kwenye simu. Nikapanga madaraja, kazi sawa mshahara sawa. Watu walifurahi. Mimi sikuridhika. Nina ugonjwa huo, kitu kikibaki na kasoro silali.

Kasoro ilikuwa utoro. Nikaweka posho ya mahudhurio kwa kundi: mmoja akikosa siku hata moja, kundi zima linakosa posho ya mwezi huo. Utoro ukaisha. Bosi akanisifu, nami nikajisikia msomi.

Mchumba wangu, nitamwita Nyangeta, alikuwa kundi la kufungasha. Wiki ya mwisho ya mwezi alinifuata ofisini.

"Mama amezidiwa. Nataka niende Kisorya, nivuke ziwa hadi Ukerewe nikamwone."

"Nenda. Ruhusa ipo."

"Na posho ya wenzangu?"

"Sheria ni ya wote, Nyangeta. Nikikulegezea wewe watasema ni kwa sababu tunaoana."

Kisha akarudi kwenye meza yao, na mlango ukiwa wazi nikamsikia Bhoke, anayefungasha naye, akimtania.

"Nenda tu, mke wa ofisi. Ada za watoto wetu tutalipaga kwa salamu zako."

Wenzake wakacheka. Nyangeta naye akacheka kidogo, akasema atasubiri mwezi uishe, siku zenyewe ni chache. Nilisikia yote. Ningeweza kusimama. Niliendelea na kazi.

Mwezi haukuisha. Kaka yake alipiga simu asubuhi, mikate ikiwa bado ya moto. Mama amefariki.

Nyangeta alivua aproni, akaikunja vizuri, akaja mlangoni kwangu. Hakuwa analia.

"Na kuzika, nako kunahesabiwa?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipompoteza. Nilipaswa kuinuka nimshike. Lakini sikuwa nimeandika chochote kuhusu msiba, na kichwa changu kilikuwa kinatafuta jibu lisilovunja sheria. Alisubiri. Akaniona natafuta. Akaondoka.

Nilivuka kwenda mazishini na wafanyakazi wenzake. Bhoke alilia mpaka akashikiliwa. Baadaye akaniambia, "Shemeji, tulimzuia kwa midomo yetu."

"Mlifuata nilichoandika," nikamjibu.

Nyangeta alipokea mkono wangu wa pole kama anavyopokea wa mgeni. Mama yake alikuwa amemuulizia kila siku mpaka ile ya mwisho. Hilo aliniambia kaka yake, kwa upole, na upole wake ndio unaoniumiza mpaka leo. Kazini hakurudi. Mshenga niliyemtuma nyumbani kwao alirudi akaniambia nisimtume tena.

Wewe unayepanga malipo ya watu, hata kama ni wa duka la vijana wawili, usimfanye mtu kuwa adui wa wenzake siku anayouguliwa. Na usiseme unatenda haki kumbe unaogopa kusemwa. Mimi niliogopa kusemwa, nikaita haki.

Posho ya kundi tuliifuta. Sasa kila mtu anapata yake, na kuuguza au kuzika hakumkati mtu chochote. Sheria mpya siiandiki tena peke yangu. Naisoma kwanza mbele ya wafanyakazi, na Bhoke ndiye anayeanza kuipinga. Nyangeta anafanya kazi Musoma. Hajanipigia simu, na mimi nimeacha kumpigia.