Jirani Aliyekataa Kuingia Kreta

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhariri wa Makala alinirudishia karatasi zangu hata kabla sijapewa kiti. Jarida letu la utalii lilikuwa na ofisi ya vyumba viwili pale Arusha, nami niliajiriwa kuandika makala za safari: mbuga, miji midogo iliyo kando yake, na barabara za kufika huko. Nilikuwa nimejaza kurasa kwa sifa za Kreta ya Ngorongoro.

"Paskali, umemwambia msomaji kwamba ni pazuri," alisema. "Haya, amekubali. Sasa atalala wapi? Atakula nini? Gari likimzingua atampata wapi fundi?"

"Karatu," nilijibu.

"Basi iweke Karatu kwenye kisanduku."

Kisanduku ni ule mraba mdogo pembeni mwa makala unaomwelekeza msomaji njia, malazi, chakula na nguo za kubeba. Humo ndimo mji nilikozaliwa ulimokaa kwa miaka mingi, umebanwa kati ya kituo cha mafuta na nyumba za wageni. Iliniuma, ila mtu hawezi kuanza kazi kwa kubishana na bosi.

Vijana wanaoandika safari siku hizi kwa simu zao huniuliza tulifanyaje kazi. Tulifanya polepole. Mhariri yule alituwekea sharti: huandiki mji ambao hujalala. Makala ya mtu aliyepita tu aliiita "makala ya dirishani", na aliitambua kwenye aya ya kwanza. Kwa sharti hilo nililala Mang'ola msimu wa vitunguu, malori yakipakiwa chini ya dirisha langu, na shati langu likanuka vitunguu mpaka niliporudi Arusha. Nililala Mbulumbulu kwa mkulima wa ngano aliyenieleza habari za mvua hadi nikasinzia kwenye kiti. Yeye pia ndiye aliyenipigia kelele nilipoandika kwamba Ngorongoro ni hifadhi ya taifa. Ni eneo la hifadhi, alisema. Kwenye hifadhi ya taifa watu hawaishi, lakini Ngorongoro Wamasai wanaishi na ng'ombe wao. Nakubali alikuwa na mdomo mchafu, lakini sijawahi kurudia kosa alilonisahihisha.

Mtu mmoja hakuvutiwa na makala zangu hata kidogo, naye ni mama yangu. Shamba lake liko juu huko Ganako, pembeni mwa mji wa Karatu, limepakana na msitu unaopanda hadi ukingo wa kreta. Hakuna uzio. Kila mahindi yakianza kukomaa tembo hushuka, na familia nzima hushika zamu ya kupiga madebe. Mama alizaliwa hapo, akaolewa hapo hapo, na hakuwahi kuvuka lango la hifadhi. Kila nilipokwenda likizo nilimwomba nimpeleke.

"Nikawasalimie?" alikuwa akijibu. "Wao wakija kwangu hawapigi hodi."

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba dawa ingechelewesha tu, isingerudisha kilichokwisha kupotea. Tayari alikuwa anaona mbele tu, pembeni pote giza. Mimi nilikuwa nimewaelekeza kreta watu nisiowajua kwa miaka yote hiyo, na mama yangu alikuwa anakaribia kupofuka bila kuiona. Nilitaka aione. Jambo hilo lilinisumbua kuliko kazi yoyote niliyopewa.

Wakati huo tulikuwa tumepata Mhariri Mkuu mpya, mama mmoja mtu wa Moshi, mwenye sauti ya chini na kalamu kali. Aliniita ofisini kwake.

"Karatu itoke kwenye kisanduku," alisema. "Nipe makala nzima ya majirani wa mbuga. Anza na mtu ambaye hajawahi kuingia."

"Ninaye mmoja, ila hataki."

"Hataki kwa nini?"

"Wanamlia mahindi."

Alicheka. "Basi nenda kambembeleze. Ukishindwa, andika hivyo hivyo."

Nilimbembeleza mama nikashindwa. Waliomshawishi ni tembo wenyewe. Wiki ile ile walishuka wakala upande wote wa juu wa shamba. Mama alipapasa mabua yaliyovunjika, halafu akasema, "Nipeleke. Nataka kujua wanakoshinda."

Alivaa kitenge cha kanisani. Hoteli moja ya Karatu ilitufungia lanchi boksi, chakula cha mchana cha watalii ndani ya boksi, mama akaipapasa, akauliza kama ni kiatu, kisha akapakata makande yake mwenyewe kwenye hotipoti. Dereva wetu alikuwa Elibariki, kijana wa Machame aliyeoa Karatu na kuhamia jumla. Tulipofika ukingoni kulikuwa na ukungu mzito. Mama aliegemea ukuta wa pale wanapopigia picha, akatazama chini kwa muda mrefu.

"Ni nyeupe," alisema.

Nilishikwa na uchungu. Nilijua ni ukungu, lakini niliona kama tumeshachelewa.

Ukungu uliachia tulipokuwa tunashuka. Mama hakuweza kuifaidi kreta kama wageni wanavyoifaidi, yote kwa mpigo. Simba waliolala mbali hakuwaona kabisa. Pundamilia aliwaona walipovuka mbele ya gari, akasema wamenona. Katika msitu wa Lerai tukamkuta tembo dume kando ya njia, peke yake, pembe ndefu karibu ziguse majani. Elibariki alizima injini.

Mama alimtazama kipande kipande: sikio, kisha pembe, kisha goti.

"Mbona anakula taratibu hivi?" aliuliza.

"Ni mzee sana, bibi. Meno ya kutafunia yameshakwisha. Wanaofikia hali hiyo hutafuta majani laini, kama haya ya kwenye majimaji."

Mama naye kwa muda mrefu alikuwa akila uji, na ugali laini wa maziwa. Hata makande yale alikuwa ameyapika kwa ajili yetu. Aligusa shavu lake.

"Na mahindi mabichi?"

Elibariki alinitazama kwenye kioo kabla ya kujibu. "Hayo ni laini, bibi. Na hawa madume hupanda mpaka huko msituni kwenu."

Tembo aling'oa fungu la majani, likamdondoka, akaliokota tena.

"Mimi nilimwita mwizi," mama alisema. "Kumbe ni kibogoyo mwenzangu. Basi, ale."

Makala ile ilitoka. Karatu ilichukua kurasa zote, na kreta nikaitia kwenye kisanduku: saa za lango, njia ya kushukia, koti kwa ajili ya baridi. Mhariri Mkuu hakubadilisha hata neno.

Sasa nimestaafu, naishi Ganako. Nikiulizwa kama naikumbuka kazi, nasema nakumbuka zaidi kulala katika miji ya watu kuliko kuandika. Mama hana macho tena. Ametuamuru tupige madebe upande wa chini wa shamba tu, mistari ya juu karibu na msitu tuiache. Mdogo wangu analalamika kwamba tunawazoesha vibaya, na askari wa wanyamapori wanasema hivyo hivyo. Nadhani wana haki. Lakini shamba ni la mama.

Asubuhi nikitoka kukagua ile mistari ya juu namkuta ameketi mlangoni na kikombe cha uji, uso ameuelekeza msituni.

"Alikuja?"

"Alikuja, mama."

"Ameshiba?"