Darubini Ndani ya Ndoo

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha fizikia katika sekondari moja ya hapa Kigoma, niliwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu wangependa kutengeneza nini kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Nilitegemea waseme jiko la jua. Wakasema wanataka darubini inayozunguka dunia.

Darubini yenyewe haikutusumbua: bomba la plastiki na kioo cha duara. Shida ilikuwa nyumba yake, yaani chombo cha kuibeba angani. Niliwaeleza kwamba chombo hicho lazima kikunjwe kiingie kwenye roketi, kivumilie mtikisiko wa kurushwa, na kikifika juu kijikunjue chenyewe, kiikinge darubini na joto la jua. Roketi yetu ikawa ndoo ya lita ishirini. Kinga ya jua tuliitengeneza kwa karatasi zinazong'aa za kufungia chakula, na kila tulipoikunja ilichanika.

Nikaipeleka kinga hiyo kwa mama yangu mdogo, fundi cherehani pale sokoni Mwanga. Alinisikiliza huku anashona, akauliza kama huko juu kuna upepo. Nikamwambia hakuna hata hewa. Akauliza joto linafikaje basi. Nikamweleza mionzi, kwa kirefu, kama nilivyozoea darasani. Akasimamisha cherehani.

"Mwanangu, kumbe unataka koti lenye bitana. Tabaka mbili, zisigusane."

Akabandika karatasi zetu juu ya kitambaa chepesi, akazishona tabaka mbili kwenye mbavu za mwavuli mbovu, katikati akaacha nafasi ya vidole viwili. Tuliijaribu juani ufukweni Kibirizi. Chini ya tabaka mbili kipimajoto kilisoma joto dogo kuliko chini ya tabaka moja. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa alituomba kwa upole tusogee; dagaa wake walihitaji jua lote.

Ukabaki mtikisiko. Mashine ya kutikisa hatukuwa nayo, ila barabara tulikuwa nayo. Nilikodi bajaji, nikaenda Simbo na wanafunzi wawili, ndoo nimeipakata. Dereva alitaka kwenda taratibu kwa heshima ya mwalimu. Nikamwomba asikwepe shimo hata moja. Tulipofika, mwavuli ulikuwa umefunguka ndani ya ndoo na karatasi zimejikunyata. Mwanafunzi mmoja akaanza kulia, mwenzake akacheka, mpaka na yule akacheka.

Mama mdogo akaongeza kitanzi na kifungo cha gauni ili mwavuli usifunguke njiani, sisi tukafunga mota ndogo ya redio kaseti ya kuvuta uzi wa kukifungua. Safari ya pili uzi ulikatika. Ya tatu, kila kitu kilirudi kizima.

Siku ya maonyesho kinga ilijikunjua polepole mbele ya mgeni rasmi. Upande mmoja ulisita, kisha ukafuata. Mgeni akauliza ingekuwaje kama ungegoma kabisa. Yule aliyelia Simbo ndiye aliyejibu.

"Kule juu hakuna fundi wa kupanda kuufungua, mheshimiwa. Ndiyo maana tuliiharibu huku chini kwanza."

Tulishika nafasi ya pili, nyuma ya mashine ya kukamulia mawese ambayo, nakiri, ilikuwa nzuri sana. Nilipogeuka kumtafuta mama mdogo, nilimkuta safu ya mbele anamweleza jirani yake habari za mionzi, na hakukosea popote.