Miti Sita ya Mukuka

Mukuka ni mwashi wa mtaa wa Annexe, pembezoni mwa mji wetu. Hufika kazini kwa baiskeli, ndoo imening'inia kwenye usukani, na hazungumzi kabla ya chai. Zamani alifanya kazi miaka kumi na saba chini ya ardhi, mgodini, akisimamisha magogo ya kuzuia mwamba usiwaangukie wenzake. Ndiyo maana nilimwita yeye.

Marehemu mume wangu, aliyekuwa prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari, aliijenga nyumba yetu likizo baada ya likizo. Kati ya sebule na chumba cha kulia aliacha mlango mwembamba, katika ukuta unaobeba paa. Sasa binti yetu Olive alikuwa ameposwa. Familia ya mchumba, wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, ilikuwa ije Jumamosi na mahari, watu arobaini. Sikutaka isemwe kwamba mjane wa prefe aliwakalisha wakwe nusu huku, nusu kule. Niliagiza mlango upanuliwe hadi mita tatu.

Mukuka alitoboa matundu matatu juu ya mlango, akapitisha mbao nene, na kila ubao akauegemeza kwa miti miwili ya mkaratusi, mmoja kila upande. Chini ya kila mti alipigilia kabari. Ndipo akabomoa matofali, na wanaume wanne wakainua boriti ya chuma. Uwazi uliobaki juu ya chuma aliushindilia saruji. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa nilimwambia, "Papa Mukuka, ondoa miti. Kesho nina wageni."

"Hapana, Mama Prefe."

"Chuma si kimeshaingia?"

"Chuma iko pa nafasi yake. Lakini ukuta haiyalala juu yake, saruji ingali mubichi. Sikia." Aligonga mti kwa nyundo ndogo. Ulilia kwa sauti kali, kama kengele. "Huyu angali anabeba. Siku atasema pu, amepumzika. Kule chini tulikuwa tunaondoa tu wenye kupumzika."

"Na wakwe niwaambie nini? Kwamba nyumba ya prefe inatembelea magongo?"

"Useme mwashi iko kichwa nguvu."

"Nitatafuta mwashi mwingine."

Akaketi katikati ya uwazi ule, nyundo mapajani. "Tafuta, Mama. Lakini atapita kwanza juu yangu."

Olive alicheka kutoka jikoni. Mimi sikucheka.

Jioni, Mukuka alipokwenda, mimi na Olive tuliivalisha miti yote sita vitenge vipya, mikunjo miwili miwili, tukaifunga kwa utepe. Asubuhi ya Jumamosi nikachukua mchi, nikagonga mti wa kwanza. Pu. Wa pili, pu. Furaha iliyonipata! Niliinama, nikaipiga kabari ya mti wa kwanza, ikasogea kidogo.

"Mama Prefe!"

Mukuka alikuwa mlangoni, amevaa koti safi. Alikuwa amekuja kukagua kazi yake bila kuitwa.

"Umepumzika," nikasema. "Nimesikia mwenyewe."

Alifungua utepe, akateremsha kitenge, akagonga. Mti ukalia kama kengele.

"Unamuvalisha muntu manteau, koti nzito, mpaka pa kinywa, kisha unasema amenyamaza."

Akairudisha kabari mahali pake kwa mapigo matatu, kisha akakifunga kitenge vizuri kuliko sisi. Nilimwomba radhi. Nilimwomba pia abaki.

Wakwe walipofika, Mama Kyakimwa, mama wa mchumba, aliizunguka miti ile na kuitazama.

"Mama, hii ni pambo?"

Ningeweza kukubali. Nikamweleza yote, na kabari na mchi.

Alicheka mpaka akashika ukingo wa kiti. "Depo yetu ya bidhaa ilianguka kwa sababu mwashi aliogopa patron, bosi wake. Huyu mwenye hakuogopa, iko wapi?"

Mukuka akawekewa kiti karibu na wazee, chini ya picha ya mume wangu, akala nao. Watu arobaini walionana vizuri, kwa kuinamisha shingo kidogo, na mahari ikapokelewa. Nasikia wakwe huisimulia nyumba yetu huko kwao, na wanaisimulia kwa heshima.

Siku kumi baadaye Mukuka alirudi na nyundo yake. Aligonga mti wa kwanza, ukasema pu, kisha akanipa nyundo nigonge mingine. Yote mitano ilisema pu, bila kitenge.