Shimo Moja kwenye Karatasi

Dada yangu alipojifungua, damu nyingi ilimtoka. Zahanati walimpa vidonge vya kuongeza damu, lakini nyumbani kwetu Nyanungu baba alisema lazima anywe na damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa. Nilimuuliza dada anaamini kipi. "Vyote," akasema. "Wewe ndiye mwenye nafasi ya kuchagua."

Damu hiyo hutolewa kwa mshale. Ng'ombe hufungwa kamba shingoni mpaka mshipa uvimbe, kisha mtu anapiga kwa karibu. Mshale umefungwa uzi karibu na ncha usizame. Ukipiga vizuri, ng'ombe anarudi malishoni. Ukikosea, unaweza kumpoteza. Kwetu mpigaji ni baba, lakini mara ya mwisho mshale ulipasua sikio la ng'ombe.

"Upinde umepinda, mura, kijana wangu," aliniambia. "Wewe umesoma. Unyooshe."

Kwenye simu nilikuwa nimetazama video za pinde za kisasa, zile zenye magurudumu nchani, na jinsi wanavyozipima kwa karatasi. Nikatundika karatasi ya mfuko wa saruji kati ya vijiti viwili, nikapiga. Ilichanika kwa urefu, maana yake mkia wa mshale ulikuwa unayumba. Nikabadilisha unyoya uliolegea, nikafupisha uzi wa upinde, nikasogeza alama ya kushikia mshale. Nilihangaika asubuhi nzima. Mwishowe nikapata shimo moja, dogo, la mviringo, ishara kwamba mshale unaenda sawa.

Nikamwita baba. Akasimama karibu kuliko mimi, akavuta. Mshale ukagonga kijiti.

"Bado," akasema.

Nikapiga tena mwenyewe. Ukapita katikati. Akapiga yeye, ukaenda pembeni. Sasa nilitazama mkono wake badala ya upinde. Ncha ya mshale ilikuwa inatetemeka kama unyasi. Mimi ninayebishana na wachungaji wa kanisa na waganga nikaokota mshale, nikaufuta vumbi, nikamrudishia baba yangu.

Jioni tulimfunga ng'ombe. Nilishika pembe, mama alishika kibuyu.

"Umenyooka?" baba akauliza.

"Upinde umenyooka, tata."

Akavuta. Ncha ikazunguka juu ya mshipa, ikashuka, ikapanda. Nilikuwa nimemkumbatia yule mnyama kichwa, nasikia pumzi yake ya majani. Alitulia kabisa. Baba akavuta muda mrefu, halafu akalegeza uzi taratibu, bila kupiga.

"Ng'ombe anatikisika," akasema.

Kisha mama akaweka kibuyu chini. "Ni mkaidi huyu, tangu ndama. Mfungueni. Leo dada yako anywe maziwa na vidonge vyake."

Nikamfungua. Baba alinikabidhi upinde bila kunitazama.

"Kaza uzi tena. Kesho tutajaribu."

Nikakaa mlangoni, nikalifungua fundo la uzi, nikalifunga palepale lilipokuwa. Baba alinitazama mpaka nikamaliza.

"Hapo sawa," akasema.