Mzabibu wa Nyuma ya Jiko la Masista

Nilikuwa nimefika kanisa la Minago, kando ya ziwa kusini mwa Bujumbura, mara tatu bila kuuona. Mara ya nne, baada ya misa ya Jumapili, nilizunguka nyuma ya jiko la zamani la masista kutafuta kivuli, nikasimama ghafla. Mzabibu mnene kama paja langu ulikuwa umetambaa ukutani hadi juu ya vigae, majani yake meupe kwa chini kama yamepakwa unga. Nilichuma jani, nikalinusa, nikachuma jingine.

Nilikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, na baada ya kidato cha nne nilizunguka sana. Misimu mitatu nilipogolea zabibu Dodoma. Kule nilijifunza kutambua aina kwa majani tu, hata kabla mti haujazaa. Hii sikuwahi kuiona popote. Zabibu zake zilikuwa ndogo, nyeusi, zenye ganda gumu. Ukizisugua mkononi, rangi hukaa siku mbili. Watu wa hapo waliniambia kwamba mapadri wa zamani waliupanda kwa ajili ya divai ya misa, na kwamba zabibu zake ni kali mno, hata ndege huonja mara moja tu.

Nikamkumbuka mfamasia mmoja wa Bujumbura, binti mdogo kwangu kwa umri, niliyekutana naye sokoni Rumonge akinusa sabuni za mawese moja baada ya nyingine mpaka wauzaji wakaanza kumcheka. Alikuwa anatafuta mimea iliyosahaulika ili atengeneze mafuta ya uso. Zabibu zilimsisimua kuliko vyote. Mbegu zake, alisema, hutoa mafuta mepesi ambayo ngozi huyanywa haraka, na katika maganda meusi mna vitu vya kuilinda ngozi. Zabibu za kawaida zimeshachunguzwa na wengi. Yeye alitaka zile ambazo hakuna aliyezigusa.

Nikamtumia picha. Simu iliita kabla sijairudisha mfukoni.

"Usimruhusu mtu auguse! Ninakuja Jumamosi. Nitafutie kopo moja la mbegu, uzikaushe kivulini."

Nilikimbia kwa Padri kumweleza. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema jiko lile lingebomolewa Jumatatu, mzabibu na ukuta wake, ili vyoo vya shule vijengwe.

"Watoto wanahitaji vyoo," alisema. "Mti usioliwa unahitajiwa na nani? Huyo mtaalamu akinipa sababu, nitamsikiliza."

Basi uhai wa mzabibu ukawa umening'inia kwenye Jumamosi. Nilichuma siku mbili, nikakamua kwa mikono, mbegu huku na maganda kule, nyumbani kwa mama mjane aliyenipangisha chumba. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sabuni, pamoja na yale mafuta meusi ya mise, kokwa za mchikichi zilizokaangwa, ambayo watoto wachanga wa pwani yote hupakwa. Ijumaa nilikwenda Rumonge kutafuta chupa safi zenye vifuniko. Kabla ya kuondoka nilimwambia yule mjane, "Mama, nitunzie hizi mbegu, ni za mafuta."

Niliporudi niliuona moshi kabla ya kuiona nyumba.

"Karibu, mwanangu! Nimekusaidia kazi," alisema, akikoroga sufuria. Ndani yake mbegu zangu zilikuwa nyeusi kama makaa.

"Mama, umezikaanga!"

"Si ulisema iko ya mafuta? Utatoa mafuta namna gani bila moto? Mafuta yenye haiyaona moto inaletea mutoto upele. Ninyi batu ya Tanzania munapenda tu vitu mbichi."

"Na maganda?"

"Nguruwe ya jirani ilifurahi sana."

Ningemlaumu vipi? Minago nzima, ukisema mbegu ni za mafuta, mtu anawasha moto. Mwenye kosa ni mimi, niliyejua hivyo na bado sikusema neno kivuli.

Mfamasia alifika Jumamosi kwa pikipiki. Alichovya kidole kwenye mafuta aliyoyatoa Mama, akanusa, akacheka, kisha akakifuta kidole.

"Haya ni mazuri kwa nywele. Lakini moto umekula nilichokuwa nakitafuta. Siwezi kumwonyesha Padri haya."

Mama akatutazama kwa zamu. Nadhani ndipo alipoelewa. Alitutangulia hadi nyuma ya jiko la masista, akafungua kitenge alichojitanda mabegani, akanifunga nacho kichwani.

"Kule juu ya vigae iko zingine. Panda."

"Kuna nyigu, Mama. Ndiyo maana niliziacha."

"Nyigu ni mudogo kuliko wewe. Panda!"

Niliumwa mara mbili na kushuka na vichala vinne. Mfamasia alimenya zabibu palepale, akayatia maganda kwenye chupa ya spiriti na kuitikisa. Spiriti ikageuka zambarau, ikazidi kukolea mbele ya macho yetu mpaka mwanga haukupita tena. "Angalieni! Angalieni!" alipiga kelele. Mama naye akapiga kelele bila kujua sababu, nami nikasahau nyigu. Padri akatoka kuangalia kuna nini.

"Hii ndiyo sababu?" aliuliza, akiinua chupa.

"Bado sijui, Padri. Rangi peke yake haithibitishi kitu. Nahitaji msimu mmoja zaidi, na mbegu ambazo hazijaona moto."

Mama alitazama vidole vya miguu yake.

Padri akafikiri. "Vyoo vinaweza kusogea upande ule. Lakini mti atautunza nani?" Akanigeukia. "Wewe? Juzi uliniuliza kuhusu magari ya kwenda Nyanza-Lac."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekwisha panga kuondoka.

"Nitakaa mpaka uzae tena," nilisema kwa furaha.

"Vizuri. Kesho nitalitangaza kanisani, usije ukakimbia."

Mfamasia alipoondoka na chupa yake, niliazima kisu nikaanza kukata matawi makavu. Mama alisimama chini, mkono kiunoni, akaniuliza mbegu zikiwekwa kivulini huchukua siku ngapi kukauka.