Kibanda Kilichogeuzia Njia Mgongo

Nilipomaliza masomo ya jioni, miaka ya themanini, Kiswahili changu kilikuwa kimenenepa hata hakipiti mlangoni. Kaunsili ikanipa kazi: kuzunguka na baiskeli na kipaza sauti, nikiwauliza watu wa mtaa wa Wabera wangependa njia ya miguu na baiskeli ipite wapi. Wakati huo kila mtu alitembea kando ya lami, na malori ya ng'ombe yalipita karibu hivi kwamba ungeweza kunusa dereva amekula nini. Kipaza sauti changu kilisikika mpaka Garbatulla. Ngamia walisimama kusikiliza.

Baraza lilijaa. Wazee walisema, vijana wakasema, injinia akaonyesha mstari ulionyooka kutoka Wabera mpaka sokoni. Mama mmoja muuza maziwa, ambaye ndiye aliyenisumbua kuliko wote akiitaka hiyo njia, aliketi nyuma na wanawake wenzake. Hakusema neno. Tukapiga makofi, vichaka vikafyekwa, mawe yakapakwa chokaa.

Watu wote wakahamia njia mpya isipokuwa yeye. Aliendelea kumswaga punda wake kwenye lami, maziwa ya ngamia yakitikisika mgongoni. Asubuhi moja lori lilimpitia karibu sana, punda akaruka mtaroni, vibuyu vikapasuka. Nilimkuta akivuta kamba, lami nyeupe kama imenyeshewa maziwa.

"Salaam aleikum, mama. Njia si ile pale?"

"Aleikum salaam. Nimeiona."

"Sasa?"

"Ni njia nzuri sana. Wewe pita."

"Lori litakuua, mama!"

"Likiniua nitakufa na heshima yangu. Shika punda, wacha maneno."

Mwenzake wa sokoni ndiye aliyenieleza, akicheka mpaka shuka ikamdondoka. "Wewe na hiyo shule yako ya usiku! Hukuona kibanda cha fundi wa baiskeli? Fundi yule ameoa binti wa huyo mama."

Hapo nikaelewa. Kwao mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso, wala hawatajani majina. Na mstari wa injinia ulipita mbele kabisa ya mlango wa kibanda, mtaro ukiwa upande wa pili. Hakuna pa kuepea. Baraza zima lilijua. Lakini nani angelisema, na fundi mwenyewe alikuwa ameketi mbele?

Injinia alikataa kupinda njia. "Niandike nini kwa ramani? Kona ya mama mkwe?"

Nikaenda kwa fundi. Aliweka nyundo chini kabla sijamaliza salamu.

"Kaka, unafikiri mimi nina raha? Kila nikisikia punda naingia chini ya meza. Wateja wanadhani natafutwa na polisi."

"Basi geuza kibanda."

"Mlango uangalie miiba? Mteja ataniona namna gani?"

"Leo asubuhi lori limemkosa kidogo tu."

Kesho yake nilimkuta aking'oa mabati. Mlango akaupeleka upande wa miiba, na kwenye ukuta uliotazama njia akatundika gurudumu kuukuu, wateja wajue kuzunguka. Wale waliotoka Meru na baiskeli walikuwa wakiteremka kwa kasi ya kumshinda swala. Walilipita hilo gurudumu, kisha wakarudi wakisukuma na kulalamika.

Siku mbili tatu baadaye nilikuwa pale mama alipotokea kwenye njia na punda wake. Nyundo ikanyamaza. Alipofika usawa wa ukuta akasimama, akamwambia punda kwa sauti kubwa:

"We punda, ungekuwa na akili ungesema huko ndani mjukuu wangu aletwe nimwone."

Halafu nyuma ya mabati:

"We baiskeli, sema tumesikia. Ijumaa, baada ya swala."

Mama akampiga punda kofi la upole, wakaenda zao sokoni. Nyundo ilingoja mpaka walipofika mwisho wa mawe meupe, ndipo ikaanza tena.